Jina Hulitaja Mteja

Mpiga ramli anayeijua kazi yake hamtaji mtu. Husema anaona mwanamke, si mgeni katika mji wenu, moshi wa jiko lake mnauona. Husema kuna kitu kimefukiwa, na maji hupita jirani. Kisha hunyamaza. Wewe uliyetoka Rulenge au Nyakahura alfajiri, umemwacha mtoto anachemka homa, umeketi kwenye kigoda tangu saa mbili, ndiye utakayeujaza ukimya ule. "Ni mama mkwe?" Naye atatikisa kichwa polepole na kusema, "Umeona sasa."

Polisi na wakuu wa wilaya huiita ramli chonganishi. Jina limekaa vizuri, ila lina kasoro moja: linaelekeza macho yote kwa mganga. Nusu ya kazi ya kuchonganisha tunaifanya sisi tuliokaa upande wa pili wa mkeka, na nusu hiyo ndiyo iliyo mikononi mwetu. Kwa hiyo sitaanza kwa kukwambia usiende. Umeshaambiwa na padri, na shehe, na mkuu wa wilaya, na bado watu wanakwenda, wengine wakiwa na rozari shingoni. Ninachotaka ni kwamba ukienda, au ukikutana na nabii, au mtabiri akikufuata mpaka kwenye simu, ujue namna ya kusikiliza.

Huku Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, aina za wasemaji hawa ni nyingi kwa sababu sisi wenyewe tu wengi. Mhangaza na Mrundi humwita umupfumu, Mhaya omufumu, Msukuma aliyehamia na ng'ombe zake humwita nfumu. Neno ni lile lile likitembea. Mmoja hupasua kuku na kusoma matumbo, mwingine hurusha mbegu, mwingine hupiga hesabu za nyota alizozitoa pwani. Siku hizi wapo hata wa kwenye nguzo za umeme: pita stendi yoyote, Nyakanazi au Lusahunga, usome vikaratasi vya waganga wa kurudisha mume, mali na bahati, na namba ya simu chini yake. Vifaa vinatofautiana. Lugha haitofautiani, na ukiisikia mara moja utaitambua popote.

Tofautisha kwanza kauli hiyo na kitendawili. Anayekutegea kitendawili analo jibu tayari. Ukishindwa unampa mji, naye anategua, na jibu halibadiliki eti kwa sababu wewe una kesi ya mpaka wa shamba na jirani yako. Kauli ya ramli haina jibu lililotangulia. Inangoja. Tukio likitokea ndipo jibu linapatikana, na anayelipata ni msikilizaji.

Wala si kila anayesema kwa fumbo ni wa kuogopwa. Shangazi anayemfumbia bibi harusi, mzee anayemwonya mlevi mbele ya wageni bila kumtaja, hao wanatunza heshima. Waliotangulia walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua. Maana yake lilikuwepo la kugangua. Kipimo ni chepesi. Mfuate mzee faraghani umuulize, "Babu, ulikuwa na maana gani?" Atakwambia waziwazi, pengine na bakora juu. Mpiga ramli ukimuuliza hivyo atakupa fumbo la pili.

Ujanja huu ni wa kale kuliko sisi. Ugiriki ya zamani, kwenye hekalu la Delphi, kulikuwa na kuhani wa kike, Pythia, aliyetoa majibu kwa niaba ya mungu Apollo. Mwanahistoria Herodotus anasimulia kuwa Croesus, mfalme tajiri wa Lydia, alituma kuuliza kama awavamie Waajemi. Akajibiwa kwamba akiwavamia ataangusha milki kubwa. Akavamia, akashindwa, na milki iliyoanguka ikawa yake. Alipopeleka malalamiko akaambiwa kosa ni lake mwenyewe: angetuma tena kuuliza ni milki ipi. Roma nako walikuwa na vitabu vya wanawake watabiri walioitwa Sibila. Baraza la Seneti liliagiza visomwe palipotokea balaa, hadi vilipoungua pamoja na hekalu la Jupiter mwaka 83 KK. Wanafunzi wa kidato cha tano wanaokutana na maneno Delphic na sibylline katika vitabu vya Kiingereza, asili yake ni huko. Hutumika kwa kauli yenye sauti ya unabii na uzito mkubwa, ambayo ukiibana haisemi kitu kimoja. Msiyabandike kwenye kila sentensi ngumu. Fomu ya mkopo inaweza kukushinda kuelewa na bado isiwe na Usibila wowote. Lazima awepo mtu anayejifanya amechungulia kesho.

Kutoka kwa Croesus tuchukue lile swali la pili. Lakini ili ujue wapi pa kuliuliza, nikuingize ndani kidogo. Mazungumzo haya nimeyatunga, ila aliyewahi kwenda kuraguza ataitambua sauti.

— Umekuja na mzigo, mama.

— Ndiyo, mzee.

— Na mzigo wenyewe si wako peke yako.

— Ni mtoto, mzee. Huyu wa pili. Wa kwanza alifariki mwaka juzi.

— Nilimwona amesimama nyuma yako ulipoingia.

Simama hapo. Nani huja kwa mganga bila mzigo? "Si wako peke yako" kunamwenea mwenye mume mlevi, mwenye ng'ombe walioibwa, mwenye duka lililofilisika. Mama ndiye aliyeleta mtoto, akaleta na wa pili, akaleta na kifo. Mzee amepokea, akageuza, akamrudishia kikiwa kimevaa shuka jeupe. Na mama ameshtuka kweli, nywele zimemsimama, kwa sababu hakumbuki kwamba alisema yeye. Jambo hilo la kutokumbuka ndilo kubwa. Waulize watu waliotoka kwa mganga wakisifu, "Alinijua kabla sijafungua mdomo." Kisha mwulize aliyewasindikiza.

Kuku anachinjwa, anapasuliwa.

— Hapa pana njia. Anayepita njia hii anaingia kwenu bila kubisha hodi.

— Jirani?

Kimya.

— Au wifi? Maana wifi yangu tangu tulipogombea lile shamba la migomba...

— Mimi sitaji mtu. Lakini ulipolitaja la pili, huyu kuku umemwona?

Kuku alikwisha kufa dakika tano nyuma.

"Mimi sitaji mtu" si unyenyekevu. Ni kinga. Wifi akikutwa asubuhi amekatwa panga, mzee atasema mahakamani kwamba hakutaja jina, na atakuwa anasema kweli. Jina limetoka kwa mama, mama amelitoa kwenye ugomvi wa migomba, na ugomvi wa migomba haukuhitaji kuku. Ndiyo maana katika ramli mchawi huwa karibu daima mtu tunayemdai, anayetudai, tunayegombea naye urithi, au ajuza asiye na mtoto wa kiume wa kumtetea. Hujasikia mtu wa Ngara akatoka kuraguza akiambiwa anayemroga ni dereva wa lori aliyekuwa akipita kwenda Rusumo.

Basi ushauri wa kwanza: funga mdomo. Usiseme umetoka kijiji gani, nani anaumwa, nani alikufa. Akisema anaona mwanamke, mwambie, "Nakusikiliza." Akinyamaza, nyamaza naye. Utaona ukimya ulivyo mzito ukimrudia yeye. Mtu aliyeoteshwa na mizimu hashindwi kuendelea eti kwa kuwa mteja kakaa kimya.

Bora zaidi, usiende wewe mwenye msiba. Mwenye uchungu husikia anachotaka kukisikia. Kama ukoo umeamua lazima mtu aende, atumwe asiyejua habari za ndani, shemeji wa mbali, awe na kalamu na karatasi. Aandike maneno kama yalivyosemwa, neno kwa neno, kabla hajapanda bodaboda ya kurudi. Akirudi nyumbani yasomeni kwa sauti, kisha yasomeeni watu wengine wawili wenye shida tofauti kabisa. Kama "kitu kimefukiwa na maji yanapita jirani" kinawafaa na wao, karatasi hiyo haina habari yenu. Na nchi yetu hii ya vilima na mabonde, ni mji gani hauna maji yanayopita jirani?

Kisha lile swali la Croesus, nalo liulizwe bila ukali: ni nani, ni lini, na nikiona nini nitajua kwamba umekosea? Watu wengi huuliza la kwanza tu, na la kwanza ndilo baya kuliko yote. La tatu ndilo linalopima. Asiyeweza kukwambia ni kitu gani kikitokea kitamfanya akiri amekosea, hajakwambia chochote unachoweza kukitumia, hata kama sauti ilitetemesha ukuta.

Hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu Biharamulo tumepitia jambo ambalo lingeweza kutupeleka kwenye mapanga. Kuanzia Desemba 2024 watu walikufa wakifuatana: homa kali, kichwa, kutapika, kuharisha, mwishoni damu. Anaumwa mmoja, anamhudumia dada yake, dada anafuata. Ukitafuta picha kamili ya kile ambacho mababu waliita kurogwa kwa ukoo, ni hiyo. Mfumu yeyote angesema, "Kinawafuata damu kwa damu," na asingekosea hata neno moja, wala asingesaidia mtu.

Ulikuwa ugonjwa wa Marburg. Virusi vyake hukaa kwa popo wala matunda wanaoishi mapangoni na migodini, na kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu hupita kwenye majimaji ya mwili: matapishi, damu, jasho, hata maiti wakati wa kuoshwa. Kwa hiyo huwafuata wanaouguzana na wanaozikana. Mchawi anayechagua damu moja hahitajiki. Mapenzi ya ndugu yanatosha kuueneza. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa na mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kuwa mgonjwa mmoja amethibitika, baada ya vipimo vya maabara tembezi ya Kabaile mkoani Kagera na marudio yake Dar es Salaam. Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 13 Machi. Jumla walikuwa watu 10, wawili waliothibitishwa kwa vipimo na 8 waliohesabiwa kwa dalili na mahusiano yao, na wote 10 walifariki. Miaka miwili kabla, mwaka 2023, ugonjwa huo huo ulikuwa umeingia Bukoba Vijijini, wakaugua 9 na kufa 6.

Sasa angalia jambo ambalo wengi walilicheka vijiweni. Siku chache kabla ya tangazo la Rais, Wizara ya Afya ilikuwa imesema sampuli za washukiwa hazikuonyesha Marburg. Watu wakasema, "Mnaona? Hata wao hawajui, heri mfumu." Mimi nasema kinyume chake. Kauli ya kwanza ya wizara iliweza kukosolewa kwa sababu ilisema kitu: ndiyo au hapana, ugonjwa fulani, sampuli fulani. Ilipopatikana sampuli yenye ugonjwa, kauli ikabadilika mbele ya dunia nzima. "Kinawafuata damu kwa damu" haitabadilika kamwe, kwa kuwa hakuna kipimo cha kuipinga. Ukipewa uchaguzi, shika mkono wa yule anayeweza kukutwa amekosea.

Na kwa matumizi ya nyumbani: wakifa wawili katika kaya moja ndani ya wiki chache kwa homa na kutapika, kabla hamjafikiria kuku, msioshe maiti kwa mikono mitupu, msilale chumba kimoja na mgonjwa, na mpige 199, simu ya bure ya Wizara ya Afya. Kama si Marburg, mtakuwa mmepoteza dakika chache.

Kuna kundi jingine linalosema kwa lugha hii, nalo hulisikia mwenye imani yake bila hofu: manabii. Sitaki kugusa imani ya mtu. Nataka tuangalie Kanisa lenyewe lilivyofanya, na mfano uko ng'ambo ya Rusumo. Tarehe 28 Novemba 1981, katika shule ya wasichana ya Kibeho, kusini mwa Rwanda, mwanafunzi alisema ametokewa na Bikira Maria. Wakafuata wengine. Tarehe 15 Agosti 1982 walieleza maono ya kutisha ya damu na maiti. Wakati ule nani angesema maana yake ni ipi? Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu wa Ngara walipoona daraja la Rusumo likimwaga wakimbizi, takribani 250,000 ndani ya siku moja hivi, na Mto Kagera ukishusha miili hadi Ziwa Viktoria, maneno ya Kibeho yakapata maana ambayo hakuna aliyeweza tena kuikana.

Wapo watakaosema huo ndio uthibitisho. Wapo watakaosema Wanyarwanda walikuwa wameshauana mwaka 1959, 1963 na 1973, na kuona damu hakukuhitaji kutokewa. Mimi najali zaidi utaratibu uliotumika. Askofu wa Butare aliunda tume mbili mwaka 1982, moja ya madaktari, moja ya wanateolojia. Waonaji waliulizwa, wakapimwa, maneno yao yakaandikwa. Wengi waliodai kutokewa hawakukubaliwa. Tamko la kuwatambua watatu tu lilitolewa tarehe 29 Juni 2001, karibu miaka 20 tangu siku ya kwanza. Ikiwa Kanisa lenye mapadri na madaktari lilihitaji miaka 20, wewe uliyeambiwa kwenye mkesha wa Ijumaa kwamba "kuna mama mzazi anakufunga" unaweza kungoja angalau mpaka Jumatatu.

Ukitaka kumpima nabii haraka zaidi, mpe tarehe ipite. Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, viongozi wa kundi la Kurejesha Amri Kumi za Mungu, Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, walifundisha kuwa dunia ingekwisha tarehe 31 Desemba 1999. Dunia haikuisha. Waumini waliokwisha kuuza mali zao wakaanza kuuliza maswali. Tarehe ikasogezwa, na tarehe 17 Machi 2000 kanisa liliteketea na watu ndani yake; baadaye yakafukuliwa makaburi ya wengine, jumla mamia. Tarehe ya unabii inaposogezwa, chukua watoto wako utoke siku hiyo hiyo. Usisubiri ufafanuzi. Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023, ya watu walioambiwa wafunge kula ili wakutane na Yesu. Huko hapakuwa hata na fumbo, na ndiyo maana silisemi zaidi.

Utabiri wa pwani una ufundi wake, mwepesi wa mkono kuliko wote. Kuelekea uchaguzi mkuu wa 2010, mnajimu maarufu Sheikh Yahya Hussein alitangaza kwamba mwanachama yeyote wa CCM atakayejitokeza kupambana na Rais Jakaya Kikwete kwenye uteuzi wa chama atakufa ghafla. Nchi ilitikisika, magazeti yakauzwa. Kikwete akapitishwa akiwa mgombea pekee. Sasa utabiri ulitimia au haukutimia? Haukupata nafasi ya kushindwa. Utabiri wenye "kama" mbele yake uuchunguze kwanza hapo kwenye "kama": ukiwa na uwezo wa kuwatisha watu wasifanye jambo, hautapimwa milele. Waganga wa kawaida wanao huu kila siku. "Ukimwambia mtu, dawa itakataa." Dawa imekataa? Basi ulimwambia mtu.

(Wanasiasa nao tusiwasahau. "Mchakato unaendelea" ni kauli ya Delphi iliyofungwa tai. Watu wa Kabanga, wilayani Ngara, wameisikia kuhusu nikeli tangu utafiti wa miaka ya 1970. Lile swali la tatu, nikiona nini nitajua umekosea, waulizeni na wao kwenye mkutano wa hadhara.)

Nije sasa kwa wachimbaji. Migodi midogo ya dhahabu Biharamulo ina wateja wengi wa ramli, na ramli ya utajiri ni hatari kwa namna yake. Hapo fumbo haliulizi tena nani adui, linaagiza. "Leta kitu cheupe kisichonunuliwa dukani." Kijana anaondoka akibuni ni nini. Mwaka 2024, wilaya jirani ya Muleba, mtoto mdogo mwenye ualbino aliporwa mikononi mwa mama yake usiku wa Mei 30, na mwili ukapatikana Juni bila baadhi ya viungo. Watu tisa walifikishwa mahakamani Bukoba kwa mauaji hayo. Ukisikia agizo linaloweza kumaanisha mwili wa mtu, usikae kutafakari lina maana gani nyingine. Kamuulize mganga mbele ya mtu wa pili, "Unamaanisha mtu?" Asiposema hapana iliyonyooka, mpigie polisi 112 ukiwa bado njiani. Huna haja ya ushahidi zaidi ya maneno uliyoyaandika.

Sheria nayo uijue japo kwa juu, kwa maana watu hudhani anayekosa ni mganga peke yake. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ya tangu Waingereza, bado ipo kwenye vitabu vyetu kama Sura ya 18. Chini yake, kumtangaza mtu kuwa mchawi ni kosa. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtambua mganga aliyesajiliwa na Baraza lake, na mratibu wa tiba asili wa halmashauri anaweza kukwambia nani amesajiliwa. Usajili huo ni wa kutibu. Mwaka 2015, mauaji ya wenye ualbino yalipopamba moto, serikali ilipiga marufuku upigaji ramli na zaidi ya watu 200 wakakamatwa. Mganga mzuri wa mitishamba, na wapo wengi Ngara wanaounga mifupa vizuri kabisa, hana sababu ya kukuuliza unagombana na nani. Akikuuliza hilo badala ya kukuuliza maumivu yalianza lini, chukua kofia yako.

Lakini pengine makala hii imechelewa. Ndugu yako amekwenda, amerudi, na jina analo. Hajalisema kwa sauti, ila ameacha kumsalimia bibi wa nyumba ya tatu, na vijana wameanza kukutana kilabuni wakiongea kwa chini. Hapo mambo ya kusikiliza yamekwisha, yamebaki ya kutenda.

Mwombe huyo ndugu akusimulie kikao chote, tangu alipoingia. Usimbishie. Msikilize tu ukimuuliza, "Na hilo jina, wa kwanza kulitamka alikuwa nani?" Wengi hunyamaza muda mrefu wakifika hapo. Nimeona hasira ikipungua kwa swali hilo moja kuliko kwa mahubiri. Sisemi itapungua kila mara.

Siku hiyo hiyo nendeni kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, watu wawili au watatu, mseme kuna tishio kwa maisha ya bibi fulani. Msiseme "anatuhumiwa uchawi" kana kwamba yeye ndiye wa kujieleza. Mtake taarifa iandikwe kwenye kitabu na iwe na tarehe, kisha mfike kituo cha polisi. Mkikataliwa kuandikiwa, andikeni wenyewe nakala mbili mwachie moja ofisini mbele ya shahidi.

Kataeni mkutano wa kijiji wa "kumaliza jambo". Kataeni zaidi kuitisha wale wanaozunguka na dawa za kufichua wachawi nyumba kwa nyumba, lambalamba au kamchape, ambao majirani zetu wa Kigoma wanajua walivyowaachia nyumba zilizobomolewa na michango iliyoliwa. Sungusungu waachieni ulinzi wa usiku tu. Hukumu si kazi yao.

Bibi mwenyewe aulizwe anataka kulala wapi. Baadhi ya wazee hukataa kutoka kwao, na kumhamisha usiku kwa siri huwa kama kukiri kwa niaba yake. Akikubali kuondoka, aondoke mchana, aende kwa mtoto au mjukuu, na mifugo yake ihesabiwe mbele ya watu. Akikataa, majirani wapokezane kulala uani kwake, na wajukuu wasiachiwe peke yao kazi ya kumlinda.

Na kama ni macho mekundu ndiyo yaliyompa sifa ya uchawi, apelekwe hospitali ya Murgwanza au ya Biharamulo akaonwe macho. Mara nyingi ni moshi wa kuni wa miaka 50, au vikope. Vikope vina dawa. Moshi utapungua mkimtengenezea jiko lenye bomba la kutolea moshi nje, kazi ambayo vijana wale wa kilabuni wanaweza kuimaliza Jumamosi moja wakipewa matofali.